Faili la Kisima cha Nne

Zilikuwa zimebaki siku tisa kabla ya Kisima cha Nne kufunguliwa, na Nyemo Lechipya alikuwa ameshashika kalamu atie sahihi, alipoliona faili lile.

Karatasi iliyokuwa mbele yake ilikuwa na sentensi moja tu: Ghala la Kumbukumbu limepekua na halikuona jambo la kuzuia. Sheria ya mji wa Kambi Tisa ilitaka kila kisima cha kale kipate karatasi hiyo kabla watu hawajanywa. Nyemo alikuwa mfunguzi wa Ghala kwa miaka kumi na moja. Kazi yake ilikuwa kufungua mafaili yaliyookolewa kwenye mashine za kale baada ya mitandao kuzimika, mafaili ambayo programu zake zilikufa zamani na watu waliozitengeneza wakafa pia. Siku ile alikuwa amepitia mashine nzima ya kampuni iliyochimba Kisima cha Nne miaka arobaini na tisa iliyopita. Ratiba za magari, barua za likizo, picha za sherehe. Picha moja ilikataa kufunguka.

Nyemo hakushangaa. Katika kazi yake hakuna aliyeamini jina la faili, maana jina mtu hulivalisha faili kama anavyovalisha mtoto nguo. Aliangalia baiti za mwanzo. Kila mtindo wa kale una alama yake pale mwanzoni, na alama hiyo mtu anayebadilisha jina huwa haigusi. Herufi mbili za kwanza zilikuwa P na K. Haikuwa picha. Lilikuwa furushi, mafaili mengi yaliyobanwa pamoja na kufungwa kwa neno la siri.

Sasa, mtindo huo una tabia ambayo wafunguzi wote wanaijua. Orodha ya yaliyomo iko mwisho wa furushi, kama mtu aliyefunga mzigo kwanza ndipo akaandika kilichomo. Na orodha hiyo haifungwi. Vilivyomo huwezi kuvisoma bila neno la siri, lakini majina yake utayaona, na tarehe, na ukubwa wa kila kimoja kabla na baada ya kubanwa.

Nyemo akasogeza kiti, akaanza kusoma.

Kulikuwa na mafaili mia moja thelathini na moja ya vipimo vya maji, moja kwa kila siku. Yote kabla ya kubanwa yalikuwa na ukubwa ule ule. Kubana ni kazi ya kuondoa marudio: ukiandika namba moja mara elfu, mashine itaiandika mara moja, kisha itasema rudia mara elfu. Mafaili ya siku ya kwanza hadi ya sabini yalikuwa yamenywea karibu yaishe. Ina maana kipimo kilikuwa kinasema kitu kile kile, asubuhi na jioni, siku sabini mfululizo.

Faili la siku ya sabini na moja lilikuwa nene maradufu. La sabini na tano lilikuwa nene mara tano. La siku ya tisini halikubanika kabisa.

Chini yake, kuanzia siku ya themanini na nne, kulikuwa na mafaili mengine. Wagonjwa_01. Wagonjwa_02. La mwisho liliitwa Wagonjwa_mwisho.

Na chini kabisa, mahali ambapo mtindo ule unamruhusu mtu kuacha maelezo mafupi, mtu alikuwa ameandika: *Utakayefika hapa, niulize mimi. Neno la kufungulia ninalo kichwani, sikuliandika popote. Damari Chidosa, karani wa vipimo.*

Nyemo akaweka kalamu chini.

*

Sospeter Kingu, mkuu wa Idara ya Maji, hakuwa mtu mbaya. Kwa miezi minne alikuwa amelala ofisini, midomo imepasuka kwa kiu kama ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu alikataa kupewa ndoo ya pili. Alimsikiliza Nyemo mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Tumeyapima maji yale mara nne," akasema. "Ni safi."

"Mliyapima kwa siku ngapi, mkuu?"

"Tatu."

"Haya yalikuwa safi siku sabini."

"Hilo unalisoma wapi? Umelifungua faili?"

"Sijalifungua. Nimeona unene wake."

Kingu akajifuta uso kwa kiganja. "Nyemo, dada yangu. Mji huu una watu elfu sitini. Jana nimezika vichanga watatu walioishiwa maji mwilini. Unataka niende mbele ya Baraza niwaambie nimezuia kisima kwa sababu ya unene wa mafaili?"

"Nataka unipe muda nilifungue."

"Una mpaka Jumamosi ya wiki ijayo. Jumapili asubuhi bomba linafunguliwa. Ukiniletea namba, nitasimama nawe. Ukiniletea harufu, sitaweza." Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Huyo karani yu hai?"

"Ana miaka themanini na mitatu. Anaishi mtaa wa Wachimbaji, na bintiye."

"Basi kichota kipo," akasema Kingu.

Kila mtu alikijua kichota. Mahakama zilikitumia kwa mashahidi waliosahau. Kiliingia kwenye kumbukumbu, kikafuata neno au sura iliyotafutwa, kikaivuta mpaka nje, nayo ikasomeka wazi kama maandishi. Lakini kilichovutwa hakikurudi, kwa maana uzi uliosomwa uliungua. Na kichota hakikujua kuvuta jani bila mzizi. Jirani yake Nyemo aliwahi kutoa ushahidi wa wizi uliotokea siku ya harusi yake. Mwizi alifungwa. Jirani mpaka leo akiangalia picha za harusi yake anauliza ni za nani.

*

Damari Chidosa alikuwa ameketi kwenye mkeka barazani, anamenya karanga. Loisi, bintiye, mwanamke wa miaka arobaini na minane, alikuwa anashona sare za shule kwenye cherehani karibu na mlango. Ilikuwa saa tatu asubuhi.

"Mbukwenyi, Bibi," Nyemo akasalimia.

"Mbukwa, mjukuu wangu. Karibu." Damari akamtazama, akaangalia beji ya Ghala kifuani pake. Mikono ikaacha kumenya. "Umekuja kwa ajili ya faili."

Loisi aligeuka kwenye kiti. "Mama, faili gani?"

"Mmechelewa," Damari akamwambia Nyemo. "Nilidhani mtakuja mwaka ule ule."

Alieleza bila kukwama, kama mtu aliyeyapanga maneno yake kwa miaka mingi. Kampuni ilimwamuru afute vipimo vyote, barua za wakuu na orodha ya wagonjwa. Aliogopa kukataa. Akavibana, akavifunga, akalipa furushi jina la picha ya sherehe kwa kuwa alijua hakuna mtu anayefuta picha yake mwenyewe. Kisha kampuni ikafunga kisima na kuondoka, mitandao ikazimika, na mashine ikabebwa hakujua wapi.

"Neno la kufungulia ni lipi, Bibi?"

Damari akafungua mdomo. Mdomo ukabaki wazi. Akaweka vidole kooni, kana kwamba neno lilikuwa pale limekwama kama mwiba wa samaki.

"Lilikuwa neno la Tabita. Alilisema kila asubuhi akitoka nje. Nalisikia sauti yake, mjukuu wangu. Nasikia anavyolivuta. Lakini maneno yenyewe..." Akatikisa kichwa. "Siku hizi vitu vinanipotea."

"Tabita ni nani?"

"Mwanangu wa kwanza. Alikuwa na miaka sita." Akaokota karanga, akaiweka bila kuimenya. "Alikunywa maji yale."

Cherehani ya Loisi ilikuwa imenyamaza.

Damari ndiye aliyelitaja jambo lile kwanza. "Kile chombo chenu cha kuchota kumbukumbu. Kinaweza?"

"Kinaweza. Lakini sheria inanitaka nikueleze, Bibi." Nyemo akawasha kinasa sauti, akakiweka kwenye mkeka. "Kikilitoa neno, kitaondoka na mzizi wake. Kama neno ni la Tabita, Tabita ataondoka nalo. Hutamjua tena. Hutajua hata kwamba uliwahi kumjua."

Jogoo wa jirani aliwika. Halafu Damari akasema, kwa sauti iliyonyooka, "Nililifunga faili lile ili asife mtoto mwingine. Chukueni."

Nyemo akatoka hadi uani kuzungumza na Loisi, akakisahau kinasa sauti pale pale kwenye mkeka.

"Mimi huyo dada sijawahi kumwona," Loisi alisema, akiwa ameegemea ukuta. "Nilizaliwa yeye ameshazikwa. Hakuna picha. Baba alikufa, shangazi wote wamekufa. Duniani kote anayemjua Tabita ni mama peke yake." Akacheka kidogo, bila furaha. "Nimekua nikimwonea wivu, unajua? Mama akinisuka anasema nywele za Tabita zilikuwa laini. Nikipika, Tabita angependa hiki. Nilitamani siku moja aamke amemsahau. Nilikuwa mtoto. Sasa umekuja na mashine."

"Nisaidie, dada Loisi. Ungekuwa wewe?"

"Nina wajukuu wawili wanaosubiri maji ya Jumapili. Lakini usinifanye nilitamke mimi."

Waliporudi barazani ilikuwa karibu saa sita. Karanga zilikuwa zimemwagika. Damari alikuwa amesimama, amejishikilia kwenye nguzo, na macho yake hayakuwa yale ya asubuhi.

"Loisi! Huyu ni nani?"

"Ni mgeni, mama. Mmezungumza naye asubuhi."

"Amekuja kumchukua Tabita!" Akamkamata Nyemo mkono wa gauni, kwa nguvu ambayo Nyemo hakuitarajia. "Nimesikia mnanong'ona. Mwanangu amelala ndani. Msimwamshe, nawaomba. Msinichukulie mwanangu. Kama ni mimi mnanitaka, nichukueni mimi, yeye mwacheni!"

Alilia kama wanavyolia watu msibani. Loisi akamkumbatia, akamwongoza ndani. Nyemo akabaki anaokota karanga moja moja, kwa sababu hakujua mikono yake aifanyie nini. Kisha akakiona kinasa sauti. Taa yake nyekundu ilikuwa bado inawaka.

*

Siku nne zilizofuata Nyemo alijaribu kila njia nyingine. Aliziunganisha mashine tatu za Ghala zijaribu maneno: jina la Tabita, tarehe, majina ya nyimbo za watoto, methali, majina ya mito. Zilijaribu mamilioni na mamilioni. Kufuli lilikuwa la kale lakini halikuwa la kitoto, na kila herufi iliyoongezeka kwenye neno la siri ilizidisha kazi mara kadhaa. Akapiga hesabu. Kama neno lilikuwa na herufi kumi na mbili, mashine zake zingemaliza wakati wajukuu wa wajukuu wa Loisi wameshazeeka.

Alirudi mtaa wa Wachimbaji kila asubuhi. Jumanne Damari alikubali tena, akauliza mbona wanachelewa. Jumatano alikataa kabla jua halijapanda. Alhamisi hakumjua mtu yeyote, akaimba wimbo mmoja kwa saa nzima.

"Mama zangu wako wawili," Loisi alisema siku hiyo. "Mmoja amekubali na mwingine amekataa. Wewe unamsikiliza yupi?"

"Yule mwenye akili zake."

"Na huyu mwingine, anayelia, huyo si mtu?"

Aliloweza Nyemo kufanya ni kukaa na Damari saa zile alizokuwa sawa na kunasa kila alichosema juu ya Tabita: kovu la goti, alivyoogopa kengele ya kanisa, alivyompa kila kuku jina la mtu. Yote yalijaza dakika arobaini. Nyemo alijua vizuri dakika arobaini ni nini. Kuna kubana kunakorudisha kila kitu ukifungua, na kuna kubana kunakotupa kile ambacho mashine inadhani hutakihitaji, na hicho hakirudi. Kusimulia habari za mtu ni kubana kwa namna ya pili.

Ijumaa asubuhi Kingu alikuja Ghala mwenyewe.

"Daktari wa kichota anataka kauli ya ridhaa," akasema. "Moja, kamili, na sahihi ya shahidi kwamba hakuna kauli nyingine ya kuipinga. Akiipata leo, kazi inafanyika kesho saa nne."

"Na nisipoitoa?"

"Bomba linafunguliwa Jumapili. Na mimi, Mungu anisamehe, nitaomba uwe umekosea."

Alipoondoka, Nyemo alifunga mlango. Alivaa vipokea sauti, akasikiliza kinasa chake kuanzia mwanzo. *Nililifunga faili lile ili asife mtoto mwingine. Chukueni.* Kisha sauti ya karanga, ukimya, nyayo. Kisha kilio.

Siku alipoajiriwa alikuwa ameapa, mkono juu ya meza, kwamba hatakata, hatafuta wala hatabadilisha kumbukumbu yoyote itakayopita mikononi mwake. Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kukata hata kikohozi.

Alisogeza alama mpaka mwisho wa neno *chukueni*. Akakata pale. Sehemu iliyobaki akaifuta. Akatia sahihi.

*

Chumba cha kichota kilikuwa na dirisha kubwa na kiti kama cha daktari wa meno. Damari aliingia akiwa ametulia. Alimsalimu daktari, akavua kitambaa kichwani mwenyewe, akalalia kiti. Loisi alimshika mkono wa kushoto.

"Mfikirie Tabita, mama," daktari akasema. "Asubuhi. Anatoka nje. Anasema nini?"

Damari akafumba macho, akatabasamu. Hilo ndilo Nyemo alilokuja kulikumbuka kuliko yote, kwamba alitabasamu. Chombo kilinguruma kidogo kama jokofu. Ilichukua dakika sita. Kwenye kioo cha daktari zilianza kutokea herufi, moja, tatu, halafu kwa pamoja.

"Kuku wangu anaitwa mwalimu," daktari akasoma. "Hamna nafasi kati ya maneno. Ndilo?"

Damari alikuwa amefumbua macho. Alimtazama daktari kwa adabu.

"Maneno ya kuchekesha," akasema. "Kasema nani?"

Loisi akauachia mkono wa mama yake, akatoka nje.

*

Furushi lilifunguka mara moja. Mafaili yalijimwaga kwenye kioo, mia moja na hamsini na kitu, mazima, hakuna hata moja lililoharibika. Namba za ukaguzi, zinazoonyesha kama faili limeguswa, zililingana zote. Damari alikuwa karani mzuri.

Nyemo na Kingu walisoma pamoja, bega kwa bega, Jumamosi mchana. Kisima cha Nne kilikuwa juu ya mwamba wenye sumu ya arseniki. Maji ya juu yalikuwa safi. Ukivuta siku sabini, maji ya juu yanaisha, na pampu inaanza kunyonya yale ya chini. Hayabadiliki rangi, ladha wala harufu. Orodha ya wagonjwa ilikuwa na majina mia mbili na sita. Wagonjwa_mwisho ilikuwa na thelathini na tisa, wote wa makaburini. Wa kumi na moja alikuwa Tabita Chidosa, miaka sita.

Kingu akarudia vipimo, siku baada ya siku, akiandika kwenye daftari lake. Nyemo alimwona akiweka mstari chini ya namba sabini, na kushusha pumzi. Alidhani ni huzuni.

"Siku sabini," Kingu akasema. "Siku sabini za maji safi."

"Mkuu?"

"Tutafungua kesho. Tutafunga siku ya sitini, tujiachie siku kumi za usalama. Kufikia hapo huenda mvua imekuja, au bomba la kaskazini limekamilika. Nyemo, umetuokoa! Tungefungua bila kujua."

Nyemo alitafuta kati ya mafaili, akafungua barua moja, akamgeuzia kioo. Ilikuwa barua ya mkuu wa kampuni, ya siku ya hamsini na tano. *Maji ya juu yanakaribia kuisha. Tutafunga siku ya sitini.* Akafungua ya pili. *Kutokana na mahitaji ya kambi, tunaongeza siku kumi tu.* Akafungua ya tatu, ya siku ya themanini. *Vipimo vya leo vinatia wasiwasi, lakini watu hawana chanzo kingine.* Akafungua ya nne.

"Imetosha," Kingu akasema.

"Hawakuwa watu wabaya. Soma wanavyoandika. Walikuwa kama wewe."

"Najua walikuwa kama mimi." Sauti ya Kingu ilipanda, ikashuka. "Basi nipe wewe njia. Nisipofungua, watu wanakufa wiki hii, nawajua kwa majina. Nikifungua, labda watakufa baada ya siku sabini, kama mimi nitakuwa mwoga siku hiyo. Ungechagua lipi?"

Nyemo alifikiria alama aliyoisogeza kwenye kinasa sauti, na jinsi ilivyokuwa rahisi, kidole kimoja tu. Alitamani kusema kwamba yeye asingekuwa mwoga. Hakuweza.

"Watu wajue," akasema mwishowe. "Kama watakunywa, wanywe wakijua."

"Ukiwaambia, watagombana bombani. Watajaza mapipa ya mwaka mzima. Maji ya juu yataisha kwa siku thelathini, si sabini. Umelipigia hesabu hilo?" Kingu akafunga daftari. "Faili hili ni mali ya Idara kuanzia sasa. Nakuomba kama ndugu, usinilazimishe niliseme kama mkuu."

Alipoondoka alichukua furushi. Lakini alikuwa mtu wa pampu, si mtu wa kumbukumbu. Hakuuliza kama kulikuwa na nakala.

*

Jumapili foleni ilianza kabla ya kanisa. Kufikia saa tatu ilikuwa imezunguka tangi jipya, ikapita shule na kupotelea upande wa soko. Watu walikuwa wamevaa nguo nzuri. Kingu alisimama kwenye jukwaa dogo, akasema maneno machache, akageuza koki. Maji yakatoka kwa kishindo, meupe kwa povu, na kelele iliyopigwa ilimfanya Nyemo, aliyekuwa nyuma kabisa, asisimke.

Alipenya mbele mpaka karibu na tangi, akapanda juu ya jiwe la uzio. Akatoa karatasi.

Alisoma kwanza vipimo, kwa maneno rahisi. Akasoma barua nne, moja baada ya nyingine. Walinzi wawili wa Idara walisogea wamkamate, lakini Kingu aliinua mkono wakasimama. Foleni ilisikiliza. Hakukuwa na ugomvi wala aliyekimbilia mapipa. Ukimya ule ulimtisha Nyemo kuliko vurugu.

Watu wachache walitoka kwenye mstari, wakaenda zao na ndoo tupu. Nyemo aliwahesabu bila kukusudia. Hawakufika ishirini.

"Binti," mwanamke mmoja aliyebeba mapacha alimwita kutoka katikati ya foleni, si kwa hasira. "Tumekusikia. Sabini ni nyingi. Hawa wangu wana leo tu." Akasogea hatua moja mbele, na nyuma yake wote wakasogea.

Nyemo akageuza karatasi, akaanza kusoma majina ya makaburini. Hakujua tena anamsomea nani. Alikuwa amefika la tisa alipowaona Loisi na mama yake.

Walikuwa karibu na koki. Damari alikuwa amevaa kitenge kipya na ameshika kikombe cha bati kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa umekunjuka kama wa mtu aliyelala vizuri. Mtu pekee mjini aliyejua, kwa miaka arobaini na tisa, kwa nini maji yale yasinywewe, sasa alikuwa wa tatu kwenye foleni.

Nyemo aliruka chini kutoka kwenye jiwe. "Dada Loisi, umemleta kwa nini?"

"Amekuja mwenyewe, nimemfuata." Macho ya Loisi yalikuwa yamevimba. "Sijawahi kumwona akinywa maji ya bomba bila kuuliza yametoka wapi. Leo ameamka, amesikia watu wanasema maji, akachukua kikombe. Nimwambie nini? Nimzuie kwa sababu ipi?" Akaishika karatasi mkononi mwa Nyemo. "Umefika la ngapi?"

"La kumi ndilo linalofuata."

Loisi alilisoma la kumi. Kisha akavuta pumzi, akapaza sauti mpaka watu wa mbele wakageuka.

"Tabita Chidosa. Miaka sita."

"Jina zuri," Damari akasema. "Mtoto wa nani huyo?"

"Wako, mama."

Damari alimtazama binti yake, akamtazama Nyemo, akacheka taratibu, kama mtu anavyomchekea mgeni aliyefanya utani usioeleweka. Halafu akainua kikombe chake, akasogea mbele, maana zamu yake ya kuchota ilikuwa imefika.